Mifupa ya Jeni

Minza alijua vishindo vya kila mpangaji wa nyumba ile ya Katandala, mjini Sumbawanga, hata vya wale ambao hajawahi kuwatazama usoni vizuri. Mwalimu wa chumba cha mbele aliburuza kandambili. Fundi cherehani alikwenda mbio mbio kama mtu aliyeacha pasi juu ya nguo ya mteja. Mwenye nyumba, Bertilla, ambaye wote walimwita Mama Theodory, alikuwa mnene na alikanyaga ukumbi kwa visigino. Hao hawakumsumbua. Vishindo asivyovijua ndivyo vilivyomfanya aache kuchambua maharage, amzibe mwanawe mdomo kwa kiganja, na asikilize mpaka vipite.

Mwanawe aliitwa Jenifer, Jeni kwa mamaye, na alikuwa bado hajatimiza miaka minne. Alizaliwa na ualbino. Ngozi yake ilikuwa nyeupe yenye wekundu kwa mbali, nywele zake rangi ya ndevu za hindi, na macho yake hayakutulia mahali pamoja. Alikuwa mtundu, mwenye maswali yasiyoisha, na mama yake alimpenda kwa mapenzi yaliyochanganyika na hofu kiasi kwamba yeye mwenyewe hakujua tena kuyatenganisha.

Hawakuwa wenyeji wa mjini. Walikuwa Wasukuma, na mumewe Minza, Yonas, alikuwa na ng'ombe bondeni upande wa Ziwa Rukwa. Siku moja watu wawili walifika kwenye boma lao na pikipiki, wakaomba maji. Mmoja alikunywa taratibu, macho yake yakiwa juu ya Jeni aliyekuwa akicheza na ndama. Alipomaliza akauliza, "Na huyu pia ni wa kwenu?" Akacheka. Mwenzake hakucheka. Walipoondoka Yonas aliingia ndani, akakunja nguo za mkewe mwenyewe, kwa mikono yake, kazi ambayo hajawahi kuifanya tangu waoane.

"Nenda mjini," alimwambia. "Kwenye watu wengi hakuna anayemtazama mwenzake. Mtoto asitoke nje. Umenisikia? Asitoke."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Wapo waganga wanaowadanganya wenye tamaa kwamba mfupa wa mtu mwenye ualbino unaleta mali, na wapo wapumbavu wanaosadiki, na kati ya uongo wa hao na upumbavu wa hawa watoto wamekatwa mikono wakiwa hai, mama zao wakisikia. Ukitaka kujua hofu ni nini, usiulize mtu aliyekutana na simba. Muulize mama mwenye mtoto kama Jeni, anaposikia pikipiki ikizimwa nje ya nyumba.

Basi Minza alipanga chumba cha mwisho kabisa, kile chenye dirisha linalotazama choo. Alimwambia Mama Theodory kwamba mtoto ana pumu na hatakiwi kupigwa na baridi. Kwa baridi ya Ufipa, uongo huo ulikubalika bila shida. Akaziba dirisha kwa gunia na misumari. Akapata kazi ya kuchambua maharage kwa mfanyabiashara wa sokoni. Magunia yakaletwa mpaka mlangoni, naye akakaa chini penye ule mstari wa mwanga uliopita chini ya mlango, akitenga mabovu na mazima. Jeni alijifunza kucheka kwa sauti ya chini. Mvua zikaja zikaisha, zikaja tena.

Kisha miguu ikaanza.

Kule bondeni Jeni alikuwa anakimbia. Humu chumbani alianza kutembea kwa kuyumba kama bata, halafu akawa anashika ukuta, halafu akawa hataki kabisa kusimama. Magoti yalitazama nje, miguu ikapinda kama upinde. Vifundo vya mikono vikavimba. Mbavuni, pale mfupa unapokutana na kifua, palitokea vinundu ambavyo Minza alivipapasa kila alipomwogesha, na kila alipovipapasa viliongezeka. Mtoto akawa analia akiinuliwa.

"Mama, mguu unauma ndani," alisema.

"Ndani wapi?"

"Ndani kabisa."

Minza alikaa akiwa na beseni mapajani na maji yakapoa. Alielewa, au alidhani ameelewa. Wameshindwa kuja na panga. Sasa wanaichukua mifupa yake kwa mbali. Nchi nzima inajua kuutania mji wa Sumbawanga kwa uchawi, kwamba ukilala chumbani utaamkia barabarani, na watu wanacheka, wanaongeza chumvi, wanacheka tena. Wanaocheka hivyo hawajalala sikio likiwa mlangoni. Minza alisadiki kila neno. Kuna mtu mahali fulani anaunyonya mfupa wa mwanangu, alijiambia, na ameuona kupitia ufa. Alishona gunia la pili juu ya lile la kwanza, akaviringisha kitenge na kukisukumiza chini ya mlango. Maharage akayachambua kwa kupapasa.

Hali ilizidi kuwa mbaya. Asubuhi moja, Jeni akiwa anakunywa uji, vidole vyake vilikakamaa, vikakunjwa kuelekea kiganjani, na macho yakageuka juu. Mwili mzima ukaanza kutikisika. Degedege. Minza alimwita, akampepea, akamwita tena kwa jina lake na la bibi yake. Kisha alimfunika gubigubi kwa kitenge, akakimbia naye mpaka kwenye kijiwe cha bodaboda, akasahau hata viatu.

Hospitalini walimdunga mtoto sindano ya mshipa, dawa ikapita polepole, na vidole vikakunjuka kimoja kimoja. Minza alimshukuru Mungu kwa sauti. Tabibu kijana alifunua kitenge na kuitazama ile miguu. Hakusema neno juu ya ngozi ya mtoto. Alisema, "Subiri hapa, mama. Kuna daktari mwenzetu anatafuta watoto wa namna hii."

Anatafuta watoto wa namna hii. Minza alimfunika tena mtoto kwa kitenge.

Aliyekuja alikuwa mwanamke mwembamba wa rika lake, amejifunga hijabu, anatembea haraka, na uso wake ulikuwa na furaha. Aliitwa Daktari Jasmin. Alikuwa mtoto wa Mazwi, mtaa wa mji huo huo, baba yake mwenye duka la vipuri, akasoma mpaka Dar es Salaam, akarudi nyumbani kufanya utafiti juu ya magonjwa ya mifupa ya watoto. Haya yote aliyaeleza mwenyewe, kwa pumzi moja, huku akichuchumaa mbele ya Jeni.

"Hatimaye!" alisema. "Unajua nimetafuta sana mifupa kama hii? Tangu nimekuja sijapata iliyofikia hapa."

Akaushika mkono wa Jeni. Alibonyeza kifundo, akapanda taratibu mpaka kiwikoni, akahamia mbavuni akihesabu kwa midomo. Minza aliwahi kumwona mnunuzi akimpapasa mbuzi vile vile mnadani.

"Nitahitaji picha ya mifupa yake," daktari alisema, "na damu kidogo."

"Picha ya mifupa?"

"Ndiyo. Tuione ilivyo kwa ndani."

"Ikishaonekana?"

"Naipeleka Dar, wenzangu nao waione. Damu itasafiri kwenye lile sanduku la baridi, lile pale." Akaonyesha sanduku la bluu lenye mfuniko mweupe, pembeni ya mlango. Lilikuwa dogo. Lingetosha mkono wa mtoto, na Minza akachukia kwamba wazo hilo limemjia.

"Naomba kwanza nimnunulie maji," alisema.

"Hapo nje tu, dada, halafu urudi. Leo alikuwa karibu sana na hatari, sawa?"

"Sawa, daktari."

Hakurudi. Alipita nyuma ya jengo la wazazi, akatoka kwa geti dogo, mtoto akiwa amefunikwa. Jambo moja tu lilimkaa rohoni kama mwiba: mapokezini walipomuuliza anakaa wapi, hakuwa na uongo wa karibu. Alisema Katandala.

Daktari Jasmin hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na ugonjwa wa wasomi wa kudhani kwamba kuuliza hakudhuru mtu. Aliposubiri na kuona mama harudi, aliogopa. Alijua mtoto yule angeweza kupata degedege tena na safari hii asiamke. Basi akapanda pikipiki akaingia Katandala, akauliza dukani, akauliza kwa mama muuza mandazi, akauliza kijiweni kwa vijana wasio na kazi: Je, mnamfahamu mama mmoja mwenye mtoto mwenye ualbino, miguu yake imepinda? Kwa nia njema kabisa alitangaza mtaa mzima kile ambacho Minza alikificha kwa magunia mawili na misumari.

Pikipiki ilizimwa nje ya nyumba mchana, jua likiwa utosini. Minza alimziba Jeni mdomo.

"Hodi hapa," sauti ilisema getini. Aliijua mara moja.

Vishindo vya Mama Theodory vikaenda. "Karibu. Nikusaidie nini?"

"Shikamoo mama. Natafuta mtoto mmoja, mgonjwa wa miguu. Ana ualbino. Kijana wa bodaboda ameniambia huenda yuko hapa."

"Mtoto wa namna hiyo hapa hayupo."

"Una hakika, mama? Ni muhimu sana. Mimi ni daktari."

"Na mimi ndiye mwenye nyumba. Nimekwambia hayupo. Kwaheri."

Pikipiki ikawashwa, ikaondoka. Mtu mwingine angepumua. Minza alijiuliza. Kwa nini amedanganya? Mama huyu hajawahi kumwona Jeni. Alipaswa kusema kuna mtoto mwenye pumu, sijui kama ndiye. Amejibu haraka mno. Kumbe anajua, na kama anajua na amemfukuza mnunuzi, basi anataka kumuuza yeye mwenyewe. Hofu ikishakaa kichwani muda mrefu inakuwa na akili zake, na akili hizo hazikosi jibu.

Punde mlango ukagongwa. "Mama Jeni? Fungua mwanangu, tuzungumze."

Minza alizidi kukaza kiganja mdomoni mwa Jeni.

"Najua umo. Fungua, mambo yameharibika."

Alisubiri mpaka visigino vikaondoka. Kisha akaanza kufungasha. Namanyere alikuwepo mwanamke mmoja wa kwao, mke wa mfugaji, na mabasi ya kwenda huko yalikuwa bado yanapatikana. Akatia nguo kwenye mfuko wa salfeti, akatia na sufuria moja. Akachukua mbeleko. Ilimbidi atoke kwa mbio, apite ukumbi, apite geti, afike barabarani kabla mtu hajamshika, kwa hiyo mtoto alipaswa kukaa imara.

"Mama, naumia," Jeni alisema alipowekwa mgongoni.

"Nyamaza, ng'wana wane, mwanangu. Kidogo tu."

Akainama, akamzungushia mbeleko, akaivuta kwa nguvu zote kama anavyofunga mama anayekimbia. Akavuta tena ili apige fundo.

Ulisikika mlio mdogo, kama kijiti kibichi kinapovunjwa.

Jeni alipiga kelele ambayo Minza hajawahi kuisikia kwake wala kwa mtoto mwingine yeyote. Alimshusha, na paja la kushoto halikuwa limenyooka tena. Lilikuwa na kona mahali pasipo na goti. Minza alipiga magoti, mikono juu, haithubutu kugusa chochote. Amekimbia mapanga kutoka bondeni mpaka mjini, amekaa gizani, amejinyima jua na majirani na usingizi, na mfupa wa mwanawe umevunjika mikononi mwake mwenyewe.

Mlango ulisukumwa komeo likang'oka. Mama Theodory alikuwa mlangoni, na mwanga wote wa ukumbi ukaingia pamoja naye.

Minza alinyakua kisu cha jikoni. "Usimtazame! Ukisogea nakuua."

Yule mama alikitazama kisu, akamtazama mtoto, na uso wake ukakunjamana kwa hasira.

"Haya, niue. Halafu nani atakushikia mtoto njiani?"

Minza alimtazama Jeni aliyekuwa akilia sakafuni.

"Weka kisu chini. Unadhani simjui huyu? Mtoto anacheka, anaimba, anakuuliza mchana kutwa kwa nini yeye mweupe na wewe mweusi, na kuta zangu ni za matofali ya tope! Upepo ulipong'oa gunia lako mwaka jana wakati wa mvua, wewe umekwenda sokoni kuchukua ujira na mtoto amelala, unadhani nani aliligongelea tena? Mwalimu. Fundi cherehani alishika ngazi. Wote tunamjua Jeni."

"Mnajua?"

"Tunajua! Tukasema, mama huyu anaogopa, tukimwambia tunajua atahama usiku huo huo, na huko aendako nani atamlinda? Basi tukanyamaza. Nimemfukuza yule dada nikidhani ni wale washenzi. Kumbe ni daktari kweli?"

"Sijui," Minza alisema, na machozi yakaja. "Mama Theodory, sijui chochote tena. Nimemvunja mwanangu."

Mwenye nyumba hakumbembeleza, hakuwa na muda huo. Alivunja ubao wa kreti la nyanya, akaufunga sambamba na mguu wa Jeni kwa kanga, taratibu, akimwimbia mtoto kitu kwa Kifipa huku jasho likimtoka. Akaita bajaji. Walipotoka ukumbini wapangaji wawili walikuwa wamesimama, nao waligeuza nyuso zao ukutani mpaka mtoto akapita, kwa heshima, kana kwamba wangemdhuru kwa kumtazama.

Daktari Jasmin alipowaona alikimbia. Safari hii hakusema "Hatimaye!" Alitazama paja lile na akauma mdomo, akaelekeza mtoto apewe dawa ya maumivu kwanza, ndipo apelekwe eksirei. Minza alikwenda naye. Alikataa kusubiri nje. Walimvalisha aproni nzito ya kukinga mionzi, akasimama akimshika Jeni mkono mashine ikilia, akiitazama mashine ile kama mtu anayemtazama mbwa asiyemjua.

Baadaye daktari aliipachika picha kwenye taa. Minza akaona mifupa ya mwanawe. Ilikuwa myembamba, hafifu kama moshi, imepinda, na pale ilipoishia, magotini na vifundoni, haikuwa na ukingo. Ilichanikachanika kama pindo la kanga iliyochakaa.

"Nani anaichukua?" aliuliza.

"Samahani?"

"Mifupa yake. Niambie ukweli, daktari. Nani anaila?"

Jasmin alifikiri kabla ya kujibu, na hilo Minza alilipenda.

"Mfupa uko hai, dada. Watu wanadhani ni kama jiwe, lakini ndani yake kuna seli, vitu hai vidogo visivyoonekana kwa macho. Nyingine zinabomoa mfupa wa zamani, nyingine zinajenga mpya, kila siku, kwako na kwangu. Kazi yangu ni kuzichunguza hizo. Za Jeni hazijalala. Zinajenga usiku na mchana, lakini hazina madini ya chokaa. Fundi yupo, tope lipo, saruji hakuna. Ukuta unapanda ukiwa laini, ukibeba uzito unapinda."

"Saruji inatoka wapi?"

"Kwenye maziwa, kwenye dagaa. Lakini mwili hauwezi kuichukua tumboni na kuipeleka kwenye mfupa bila vitamini D, na hiyo ngozi inaitengeneza yenyewe." Akasita. "Ikipigwa na jua."

Minza aliitazama picha. Akasikia misumari ikigongwa, mmoja mmoja, kwa mkono wake.

"Basi ni mimi," alisema.

"Hapana."

"Usinidanganye. Nilikuomba ukweli."

"Ukweli ni kwamba wapo watu waliokufanya ufunge dirisha," Jasmin alisema, na sauti yake ilikuwa na hasira. "Hawakumgusa mtoto, na wamemfikisha hapa. Na mimi nimezunguka mtaa wenu nikimtangaza kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Nilipomwona mara ya kwanza nilifurahi kwa sababu nimepata kesi. Sikuona mama aliyekuwa anatetemeka. Unisamehe sana."

Minza hakusema amesamehe. Aliomba afunuliwe sanduku la bluu. Jasmin akalifungua: vichupa vidogo vyenye damu, barafu, basi. Minza akaingiza mkono mpaka chini, akapapasa pembe zote nne. Ndipo akaruhusu damu ya Jeni itolewe, na akataka picha ya mifupa ikae naye, na Jasmin akampa bila ubishi, akabaki na nakala ya kwenye kompyuta.

Jeni alifungwa plasta ngumu kuanzia kiunoni mpaka kwenye unyayo. Akapewa matone ya vitamini na vidonge vya kutafuna, wakamweka wodini mpaka degedege ilipokuwa haina dalili ya kurudi. Siku ya kuruhusiwa daktari aliketi kitandani na kuongea polepole. Matone yataanza kazi, lakini matone hupungua, mara nyingine hayapatikani kabisa. Jua lazima. Si la mchana, ngozi ya Jeni haiwezi, lile litamletea vidonda na saratani. La asubuhi, mapema, kofia kichwani kukinga macho, mikono na miguu wazi, kwa muda wa mtu kunywa chai yake. Kila siku.

"Nje?" Minza aliuliza.

"Nje."

"Hata dirishani?"

"Dirisha lenu linatazama choo, mama mwenye nyumba ameniambia. Jua halifiki."

Jioni hiyo alimpigia Yonas. Alimweleza yote, mfupa, seli, jua. Upande wa pili ng'ombe walikuwa wanalia.

"Usimtoe," Yonas alisema.

"Hatatembea tena, baba Jeni. Mifupa italegea mpaka mbavu zishindwe kushika pumzi. Wamenieleza."

"Wale watu walirudi mwezi uliopita. Wakauliza mama na mtoto wako wapi. Sikutaka kukuambia. Heri awe kiwete awe hai, Minza. Usimtoe. Nakuomba."

Minza alikata simu na kukaa nayo mkononi. Mumewe hakuwa mjinga, wala daktari hakuwa mwongo. Ndani anakufa polepole, nje anaweza kufa siku moja. Hakuwepo mtu duniani wa kumchagulia.

Asubuhi ukungu ulikuwa bado umelalia mabati, upepo ule mkavu wa Ufipa ukikata masikio. Minza aliamka mapema, akamlisha Jeni uji wenye dagaa wa kusagwa, akamvalisha kofia, soksi na sweta. Akamnyanyua pamoja na plasta yake, akasimama nyuma ya mlango. Jua likatoka. Aliliona chini ya mlango, mstari wa rangi ya chungwa. Aliendelea kusimama.

"Mama, tunaenda wapi?"

"Hapa hapa."

Akafungua.

Mama Theodory alikuwa amechuchumaa kwenye jiko la mkaa. Aliwaona, akasukuma mkeka kwa mguu mpaka mahali palipokuwa na jua, akaendelea kupuliza moto. Minza aliketi, akamweka Jeni mbele yake. Mtoto alifumba macho, akayafumbua kidogo chini ya ukingo wa kofia, akafumba tena. Akanyoosha mkono hewani na kuugeuzageuza.

"Ni la moto," alisema kwa mshangao. Alisema kwa sauti kubwa, akakumbuka, akajiziba mdomo mwenyewe kwa kiganja chake.

Minza aliushika ule mkono mdogo akaushusha. "Sema tu," alimwambia. Akamvua sweta.

Uzio wa nyumba ile ulikuwa wa mabanzi, na mtu mzima aliweza kuona juu yake. Wanafunzi walipita wakikimbizana. Akapita mwanamke na ndoo. Kisha akaja mwanamume mwenye baiskeli, amefunga gunia tupu nyuma, mtu ambaye Minza hajawahi kumwona wala kusikia vishindo vyake. Alipofika usawa wao akatazama ndani. Akashuka kwenye baiskeli. Akasimama, mkono mmoja juu ya banzi, akimtazama Jeni.

Hakusalimia. Mama Theodory aliinuka penye jiko na koleo la mkaa mkononi, akasogea upande wa geti. Kila kiungo cha Minza kilimwambia amkumbatie mtoto aingie ndani na kufunga, na mlango ulikuwa wazi nyuma yake, hatua chache tu.

Alimwinamia Jeni, akamvua soksi ya mguu usio na plasta, akapandisha gauni juu ya goti, na akaunyoosha ule mguu juani. Yule mtu alikuwa bado amesimama.